Mama au Baba: Katiba Mpya Ilivyoingia Nchi ya Chai

Jumanne, tarehe 10 Juni 2008, ndege ndogo aina ya Cessna iliondoka Nairobi kuelekea Kericho. Ndani yake walikuwemo Kipkalya Kones, Waziri wa Barabara na mbunge wa Bomet, na Lorna Laboso, waziri msaidizi na mbunge wa Sotik. Siku iliyofuata eneobunge la Ainamoi, huko Kericho, lilikuwa na uchaguzi mdogo wa kujaza kiti cha David Kimutai Too, aliyeuawa kwa risasi mjini Eldoret mwezi wa Januari, nchi ilipokuwa ikiwaka moto kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Hawakufika Kericho. Ndege ilianguka Narok na hakuna aliyetoka humo akiwa hai.

Bomet na Sotik zikarudi kwenye debe tarehe 25 Septemba. Beatrice Kones alichaguliwa kushika kiti cha marehemu mumewe. Huko Sotik, Joyce Laboso, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Egerton, akachukua nafasi ya dadake. Ndani ya siku moja tu, maeneobunge mawili jirani ya Wakipsigis, mojawapo ya jamii za Kikalenjini, yalikuwa yamepeleka wanawake wawili bungeni. Walishika kitabu wakaapa kuilinda katiba ambayo, kwa maandishi yake, ilimjua mbunge mwanamume tu.

Katiba hiyo ilikuwa ile ya uhuru, ikiwa imetiwa viraka mara nyingi. Kila ilipomtaja rais, waziri, jaji au mbunge, Kiingereza chake kilitumia kiwakilishi cha kiume. Kifungu cha 34 kilitaja sifa za anayetaka ubunge: awe raia aliyetimiza miaka 21, awe amejiandikisha kupiga kura, ajue Kiswahili na Kiingereza cha kumwezesha kushiriki mijadala. Sifa zote hizo zilimzungumzia mwanamume. Ukiwauliza wanasheria, jibu walikuwa nalo mfukoni. Sura ya 2 ya sheria za Kenya inasema maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanawahusu wanawake pia, kwa hiyo hakuna aliyeachwa nje.

Kanuni hiyo ilizaliwa mbali na Kericho. Ni ya Bunge la Uingereza, mwaka 1850, katika sheria inayokumbukwa kwa jina la Lord Brougham, na shabaha yake ilikuwa kufupisha lugha ya sheria. Wanawake wakaingizwa ndani ya neno la kiume ili kubana wino. Miaka 18 baadaye wanawake wa Manchester waliijaribu. Sheria ya uchaguzi ilimpa kura kila mwanamume mwenye sifa fulani za makazi, nao wakadai kwamba ikiwa neno la kiume linawahusu, basi kura pia ni yao. Katika kesi ya Chorlton dhidi ya Lings ya mwaka 1868, majaji walikataa. Ilionekana kwamba neno la kiume linamhusu mwanamke siku ya kodi na adhabu, lakini siku ya kura linarudi kuwa la mwanamume. Ukoloni ulipokuja Kenya ulikuja na kanuni hiyo, na uhuru ulipofika tukairithi bila kuiuliza maswali.

Pale Lancaster House, London, ambako katiba ya uhuru ilijadiliwa, nchi ya chai ilikuwa na mtu wake. Taaitta arap Toweett, mzaliwa wa Kericho, alikuwa miongoni mwa wajumbe Waafrika, na baadaye yeye na wenzake wa chama cha KADU walipigania serikali za majimbo kwa hofu ya ardhi yao kumezwa na makabila makubwa. Katika mkutano wa 1962, mwanamke Mwafrika alikuwa mmoja tu kati ya wajumbe wa Kenya, naye ni Priscilla Abwao. Toweett alikuja kuwa mwanaisimu wa Kikalenjini, mwenye shahada ya udaktari. Lugha yake ya mama, kama Kiswahili, haina kiwakilishi cha kiume na kingine cha kike. Jinsia huonekana kwenye majina ya watu, Kiprono akawa wa kiume na Cherono wa kike. Kwa hiyo katiba ile ingeandikwa kwa Kikipsigis au kwa Kiswahili, rais na mbunge wangebaki watu tu. Lakini tusijipongeze haraka. Kiswahili kisichobagua katika "yeye" ndicho kinachosema mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa, na penye ndoa ndipo palipokuwa na mashamba.

Maana kiwakilishi kilikuwa jambo dogo. Madhara makubwa yalikaa kwenye nomino. Kifungu cha 90 kilisema mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya baada ya tarehe 11 Desemba 1963 ni raia ikiwa baba yake ni raia. Baba, basi, mama hakutajwa. Binti wa Litein aliyekwenda kusoma ng'ambo akajifungua huko kwa mume mgeni alirudi nyumbani na mtoto asiye Mkenya. Kaka yake aliyefanya vivyo hivyo alirudi na Mkenya. Kifungu cha 91 kilimfungulia mke wa Mkenya njia ya kujiandikisha kuwa raia, huku mume wa Mkenya hakuwa na mlango wake. Na kifungu cha 82, kilichokataza ubaguzi, kiliorodhesha kabila, rangi, imani na mahali mtu atokako, kikasahau jinsia. Kisha kikajitoa chenyewe katika mambo ya ndoa, talaka, mazishi na urithi, ambayo yaliachiwa mila. Hakuna kanuni ya mwaka 1850 iwezayo kugeuza "baba" kuwa "mama".

Huku milimani, nomino nyingine ilikuwa inafanya kazi yake kimyakimya. Chai ya makampuni ilianza miaka ya 1920, Brooke Bond na African Highlands Produce ya James Finlay zilipoingia Kericho, sehemu yake juu ya ardhi iliyokuwa imetengwa mwaka 1919 kwa maofisa Waingereza walemavu wa vita, mpango ambao ulianguka. Mwafrika aliruhusiwa kupanda chai kwa wingi baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliotaka kila shamba lipimwe na lipewe hati. Hati ikaandikwa jina la mkuu wa boma, na mkuu wa boma, kwa macho ya afisa Mwingereza na ya mzee wa kijiji vilevile, alikuwa mwanamume. Hapo wawili hao walielewana bila mkalimani. Mamlaka ya Maendeleo ya Chai, KTDA, ilipoundwa mwaka 1964 iliandikisha wakulima kwa kufuata umiliki wa shamba. Aliye kwenye hati akawa mkulima, mwenye nambari na mwenye malipo.

Yeyote aliyesimama kwenye kituo cha kununulia majani, iwe upande wa Mogogosiek, Kapkoros au Kapkatet, ameona mambo yalivyo. Alasiri wanawake wanafika na vikapu mgongoni, mikono imeingia weusi wa utomvu, wanamwaga majani mezani na kuyachambua, wakiondoa yaliyokomaa ili yabaki majani mawili na kichipukizi. Karani anayatundika kwenye mizani, anaita nambari, anatoa risiti. Jina lililo kwenye risiti mara nyingi si la aliyebeba kikapu. Mwisho wa mwezi fedha zinaingia kwenye akaunti ya jina hilo, na bonasi ya Oktoba vivyo hivyo. Watafiti wawili kutoka Denmark, Dorthe von Bülow na Anne Sørensen, waliofanya utafiti wao katika wilaya ya Kericho miaka ya 1980, waliandika jinsi kandarasi ilivyokuwa ya mume na kazi ya mke, na jinsi wanawake wasiofaidika walivyopunguza kuchuma wakageukia shughuli zao nyingine. Nauona huo kuwa mgomo, ijapokuwa hakuna chama cha wafanyakazi kilichoutangaza.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba mila za huku zilimwona mwanamke kwa jicho moja tu. Wakipsigis na Wanandi wana ndoa ya mwanamke kwa mwanamke: mama asiye na mtoto wa kiume analipa mahari, anaoa msichana, na watoto wa msichana huyo wanakuwa warithi wa nyumba yake. Katika ndoa hiyo mama ndiye mume. Anaitwa hivyo, anaheshimiwa hivyo, na shamba linapita mikononi mwake. Wazee walijua zamani kwamba cheo cha mume kinaweza kukaliwa na mwanamke. Walichokataa ni binti kurithi kama binti.

Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981 ilisema watoto wote ni sawa. Wilaya kadhaa za wafugaji ziliruhusiwa kuendelea na mila katika ardhi na mifugo, lakini Kericho haikuwa mojawapo. Kwa karatasi, binti wa Kipsigis alikuwa mrithi wa chai ya baba yake kuanzia siku hiyo. Kwenye boma, wengi walisikia habari hizo baada ya ndugu zao kugawana.

Bungeni nako hali haikuwa ya kutia moyo. Mswada wa ndoa uliotaka kuwapa wake haki zaidi ulikwama mwaka 1976, ukakwama tena 1979, baadhi ya wabunge wakilalamika waziwazi kwamba ungewanyima waume ruhusa ya kuwachapa wake zao. Badiliko la kwanza la maana katika katiba yenyewe lilikuja mwaka 1997, kwa haraka, uchaguzi ukiwa mlangoni. Mapatano ya vyama yaliyojulikana kama IPPG yalitia jinsia kwenye orodha ya kifungu cha 82. Nafasi ya kutorokea ya ndoa na urithi haikuguswa. Aliyekatazwa kumbagua mwanamke barabarani aliruhusiwa bado kumbagua nyumbani.

Mwanya huo ulizibwa kwanza na majaji, kwenye kesi ya familia ya Kikalenjini. Katika Rono dhidi ya Rono, marehemu alikuwa ameacha wake wawili, wana watatu, mabinti sita na ekari 192. Mahakama Kuu iliwapa wana ekari 30 kila mmoja na mabinti ekari 5, kwa hoja kwamba mabinti wataolewa waende zao. Tarehe 29 Aprili 2005 Mahakama ya Rufani iliyoketi Eldoret ilitengua mgao huo. Jaji Philip Waki alieleza kwamba uwezekano wa binti kuolewa haukuwa sababu ya kumpunja, akauleta mezani mkataba wa kimataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1984. Ardhi ikagawanywa upya, karibu sawa kwa sawa. Kesi hiyo iliwashtua wazee wengi kuliko hotuba zote za Nairobi, kwa sababu ilihusu watu wanaoitwa Rono.

Wakati huo huo katiba mpya ilikuwa inapikwa. Rais Moi aliwahi kuuliza, mwishoni mwa miaka ya 1990, huyo Wanjiku anajua nini kuhusu katiba. Jina likanasa. Wanjiku akawa mwananchi wa kawaida wa Kenya, yule ambaye katiba lazima imsikilize, na mchora katuni Gado akampa sura. Mwananchi wetu wa mfano akawa mwanamke kwa kejeli ya mtu aliyetaka kumdharau. Tume ya Yash Pal Ghai ilizunguka maeneobunge yote 210 kukusanya maoni, yakiwemo Belgut, Buret, Konoin na Chepalungu. Rasimu yake ikaenda kwenye mkutano wa kitaifa wa katiba huko Bomas, Nairobi, ikabadilishwa na wanasiasa, ikakataliwa katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005.

Ikaja damu ya 2008, na baada yake Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga, naibu wake Atsango Chesoni, na miongoni mwa wanachama Njoki Ndung'u, mama wa Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Ukisoma walichoandika unaona ufundi wao. Hawakutapakaza viwakilishi viwili kila mstari. Walirudia neno "mtu", hata pale ambapo sentensi ilianza kuchosha sikio. Mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku ya kuzaliwa kwa mtu huyo mama au baba wa mtu huyo ni raia. Ndivyo Kifungu cha 14 kinavyokwenda. Mtu anafaa kugombea urais ikiwa mtu huyo ni hivi na hivi. Kiingereza chake hakina mahadhi, lakini hakuna anayeweza kwenda mahakamani akasema hakuandikiwa. Na pale ambapo kutaja kulihitajika, walitaja. Mama akawekwa mbele ya baba kwenye uraia. Kifungu cha 45 kikawapa mume na mke haki sawa wakati wa ndoa na inapovunjika. Kifungu cha 53 kikawapa wazazi wote wawili mzigo sawa wa mtoto, wawe wameoana au la. Kifungu cha 60 kikaamuru ubaguzi wa kijinsia katika mila za ardhi uondolewe. Kile cha 27 kikataka wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa.

Tarehe 4 Agosti 2010 Kenya ilipiga kura. Kijani ilikuwa Ndiyo, nyekundu Hapana. Zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga kura nchini walisema Ndiyo. Kericho na Bomet zilisema Hapana, kwa kishindo. William Ruto na Rais mstaafu Moi waliongoza upande huo, makanisa yakapinga kifungu kinachogusia utoaji mimba, na watu wa mashamba waliogopa sheria ya kuweka kikomo cha ukubwa wa ardhi. Ni kichekesho cha historia, maana katiba ile ile ilipunguza mikataba ya ardhi ya wageni, mingine ya miaka 999, ikawa miaka 99, jambo ambalo Wakipsigis waliofukuzwa kwenye ardhi ya chai wangelifurahia. Wanawake wa huku waliingia kwenye foleni ileile na waume zao, na wengi wao walitia alama kwenye nyekundu. Siwalaumu. Kampeni haikuzungumza nao juu ya Kifungu cha 60. Tarehe 27 Agosti, Uhuru Park, Rais Kibaki aliitangaza katiba, na haki zikawafikia waliozipigia kura na waliozikataa.

Mahakama hazikukawia. Juni 2011, Jaji Jackton Ojwang wa Mahakama Kuu Mombasa alikuwa na kesi ya mama mzee Mnandi, asiye na mtoto, aliyeoa mwanamke kwa mila kabla ya kufa. Jamaa wa marehemu alitaka mali. Jaji alisema katiba mpya inaheshimu utamaduni, ndoa ile ilikuwa halali, na mke pamoja na wanawe ndio nyumba ya marehemu. Ndivyo ilivyotokea kwamba katiba isiyo na kiwakilishi cha kiume ililinda mila inayomwita mwanamke mume, na sijaona hitilafu yoyote hapo.

Joyce Laboso naye alipanda. Alikuwa na shahada ya udaktari kutoka Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, kuhusu jinsia na elimu, na Machi 2013 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Naibu Spika wa Bunge la Taifa. Mwaka 2017 aliutaka ugavana wa Bomet dhidi ya Isaac Ruto, aliyekuwa madarakani. Mume wake, Edwin Abonyo, ni Mjaluo. Wapinzani wakashika hapo: ameolewa Ujaluoni, akaombe kura huko. Hoja ilikuwa ileile ya mabinti wa Rono, imehamishwa kutoka shamba hadi kaunti. Mwanamume wa Bomet aliyeoa Mjaluo hakuna aliyemwambia aende Kisumu. Tarehe 8 Agosti wapiga kura wa Bomet walimchagua. Yeye, Charity Ngilu wa Kitui na Anne Waiguru wa Kirinyaga ndio magavana wanawake wa kwanza wa Kenya. Alifariki kwa saratani tarehe 29 Julai 2019, akazikwa Fort Ternan, nyumbani kwa mumewe.

Theluthi mbili ilibaki ahadi. Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2012 kwamba Bunge lipewe hadi Agosti 2015 kutunga sheria ya kuitekeleza. Muda ukapita. Februari 2019 mswada wa kuitekeleza ulihitaji wabunge 233 kati ya 349, na waliokuwemo ukumbini walikuwa 174, hata kura haikupigwa. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge, ushauri ambao haukutekelezwa. Maneno ya katiba yalikuwa safi. Waliotakiwa kuyatekeleza hawakuyatekeleza.

Na zile sheria za zamani? Jedwali la Sita la katiba linasema zisomwe kwa marekebisho yanayozilinganisha na katiba, na hiyo ni kazi ya mahakama, kesi baada ya kesi, kwa gharama ya anayeshtaki. Sura ya 2, pamoja na kanuni yake ya Lord Brougham, bado iko vitabuni. Kwa mama anayechuma chai Konoin, sentensi iliyo karibu naye zaidi iko kwenye risiti ya kituo cha majani na kwenye hati ya shamba. Sheria inaruhusu mume na mke kuandikishwa pamoja kama wamiliki, na tangu 2012 inataka mwenzi aridhie kabla ardhi ya ndoa kuuzwa. Wenye mashamba wafike kwenye ofisi ya ardhi wakiwa wawili, majina yaandikwe wakiwa hai, maana baada ya mazishi kazi hiyo huwa ya mawakili.

Tangu kaunti zianze mwaka 2013 hadi uchaguzi wa 2022, Kericho na Bomet zimekuwa na magavana watano, na mwanamke kati yao ni mmoja. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027.